Kichupa cha krayo kinapoleta shida: dalili, chanzo na la kufanya

Ukitoa kichupa kwenye tangi la naitrojeni kikaanza kulia psss, usikiinue usoni ukikague. Kirudishe kwenye baridi upesi, au kitie ndani ya chombo chenye kuta nene, kisha sogea mbali. Mengine yote yaliyomo humu yanaweza kusubiri uyasome kwa nafasi. Hilo haliwezi, ndiyo maana limetangulia hata salamu.

Vichupa ninavyovisema ni vile vya plastiki ya polipropilini, vya mililita 0.5 hadi 5, vyenye kifuniko cha kuskrubu, tunavyohifadhia seli, damu, seramu, bakteria au vinasaba kwenye baridi kali. Maabarani tunaviita krayo kwa kifupi. Malalamiko ninayoletewa ni yale yale: kimevuja, kimepasuka, lebo haipo, seli zimekufa. Na mara nyingi kosa lilifanyika mezani siku ya kujaza, dalili ikajitokeza miezi au miaka baadaye, aliyejaza ameshahama na mwandiko wa daftari lake hausomeki. Kwa hiyo kila dalili nitaianza na chanzo kinachotokea sana na kinachokaguliwa kwa macho, ndipo nishuke kwenye yale ya nadra.

Kabla hujafungua tangi

Naitrojeni ya kimiminika huchemka kwenye nyuzi −196 za Selsiasi. Lita 1 ikigeuka gesi inakuwa karibu lita 700, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Inaisukuma oksijeni nje ya chumba bila mtu kuhisi chochote. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Kipima oksijeni kikilia kwa sababu imeshuka chini ya 19.5, toka nje. Usiseme "namalizia hiki kimoja". Ukimkuta mwenzako ameanguka karibu na tangi, usikimbilie kumvuta, kwa sababu hewa iliyomwangusha yeye itakuangusha na wewe. Piga kengele na uite waokoaji wenye mitungi ya kupumulia.

Vaa ngao ya kufunika uso mzima (miwani peke yake haitoshi), glavu za baridi zilizo pana kiasi cha kuchomoka ukikung'uta mkono, koti la mikono mirefu, viatu vilivyofunika mguu, na suruali iwe nje ya buti. Suruali ikichomekwa ndani, kimiminika kikimwagika kinajikusanya kwenye buti kama kwenye kikombe. Glavu hizo ni za kushikia, wala hazikuundwa kuzamishwa. Ngozi ikiungua kwa baridi, ilegeze kwa maji ya uvuguvugu, usiisugue, usibandue nguo iliyogandia, na nenda kwa daktari hata kama maumivu yamepungua.

Kinalia, kinatoa mapovu, au kimelipuka

Chanzo kikubwa ni naitrojeni kuingia ndani ya kichupa. Kichupa kikizamishwa kwenye kimiminika, plastiki ya mwili na ya kifuniko husinyaa, na mpira wa silikoni ulio kati yake hupoteza unyumbufu ukikaribia nyuzi −125. Kwenye −196 mpira huo hauzibi tena, umebaki pete ngumu iliyokaa mahali pake. Kimiminika kinapenya kidogo kidogo. Siku unapokitoa kichupa kwenye joto la chumba, mpira unarudiwa na uhai, unaziba sawasawa, na ndani kumeanza kuchemka. Tone la mililita 0.1 linadai nafasi ya karibu mililita 70. Kichupa chako kina mililita 2.

Ukaguzi wa kwanza unafanyika kichupa kikiwa bado kwenye koleo, juu ya mdomo wa tangi, ngao ikiwa usoni: kiinamishe kidogo. Sampuli iliyotoka kwenye baridi hiyo ni barafu ngumu, haitembei. Ukiona kitu angavu kinateleza juu ya barafu, hiyo ni naitrojeni. Kirudishe kwenye sehemu ya mvuke ya tangi, juu ya kimiminika, kikae hadi kesho yake. Huko naitrojeni iliyomo ndani inachemka taratibu na kutokea kwenye upenyo uleule ilioingilia. Ukikitoa tena, kitie kwenye chombo chenye kuta nene na kifuniko kilicholegea, ndani ya kabati la usalama wa kibiolojia, na ulegeze kifuniko cha kichupa kwa robo mzunguko kabla ya kukiyeyusha. Kichupa unachokitilia shaka kisipelekwe moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi 37. Huko ndiko vingi hulipukia, na uso wa mtu uko sentimita 30 juu yake.

Chanzo cha pili kinawashangaza wanaoapa kwamba wao huhifadhi kwenye mvuke tu. Tangi limejazwa kupita alama, na maboksi ya chini yameoga. Pima kina kwa kijiti kigumu cha mbao au plastiki: kizamishe hadi chini, kitoe, kipunge hewani, halafu soma mstari wa ukungu mweupe unaojitokeza. Usitumie bomba lenye uwazi katikati, kwa maana kimiminika kitapanda ndani yake na kukurukia. Andika kina hicho pamoja na urefu wa boksi la mwisho kutoka sakafu ya tangi, na utajua mara moja kama yanagusana.

Cha tatu ni nadra lakini kibaya: mtu ametia chembe za barafu kavu (kabonidioksaidi iliyogandishwa) ndani ya kichupa ili kipoe haraka, akafunga. Barafu kavu hugeuka gesi moja kwa moja kwenye nyuzi −78.5, na kichupa kilichofungwa juu yake ni bomu dogo.

Dawa ya kudumu ni kuhifadhi kwenye mvuke. Mvuke ulio juu ya kimiminika kwa kawaida una baridi ya kati ya −150 na −190, na seli zinahitaji kukaa chini ya −135 hivi, kwa hiyo hupotezi kitu. Watengenezaji wengi huandika waziwazi kwamba krayo si za kuzamishwa kwenye kimiminika ila zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki maalumu uliozibwa kwa joto pande zote mbili. Maandishi hayo yamo kwenye karatasi ndogo ndani ya kifurushi, ile tunayoitupa kwanza.

Kuna sababu nyingine ya kutozamisha. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha taarifa kutoka Uingereza ya wagonjwa walioambukizwa homa ya ini aina ya B kupitia tangi la naitrojeni: mfuko mmoja ulivuja, virusi vikasafiri ndani ya kimiminika hadi kwenye mifuko ya watu wengine. Ile ilikuwa mifuko, lakini kimiminika hakichagui chombo.

*Acha na uite msaada* ikiwa kichupa kilicholipuka kilikuwa na vimelea vya ugonjwa. Watu watoke, mlango ufungwe, dakika 30 zipite ili matone yaliyo hewani yatue, na afisa wa usalama wa kibiolojia ndiye aseme nani arudi ndani na kwa vazi gani.

Kinavuja, au kifuniko kimekutwa kimelegea

Sababu inayoongoza ni unyevu kwenye hesi, ile mistari ya skrubu. Ncha ya pipeti imegusa mdomo, au kichupa kimelazwa kabla sampuli haijaganda, na tone likabaki kati ya kifuniko na mwili. Likiganda linatanuka na kukiinua kifuniko kidogo. Likiyeyuka linaacha njia. Angalia chini ya kifuniko kabla ya kuyeyusha: ukiona pete nyembamba ya barafu yenye rangi ya sampuli, hapo ndipo penye kosa. Tibu kwa kujaza ncha ikiwa chini ya hesi, kupangusa mdomo kama umelowa, na kugandisha kichupa kikiwa kimesimama wima.

Sababu ya pili ni mkono. Wengine hufunga kwa woga, wengine kwa hasira. Kifuniko kilichokazwa mno huubana mpira hadi unachomoza pembeni kama ulimi, na mpira uliochomoza hauzibi. Tumia vidole viwili tu, gumba na shahada. Ukihisi mpira umegusa, ongeza kidogo, kama moja ya nane ya mzunguko, uishie hapo. Kisha kipindue juu ya karatasi ya kupangusia kwa dakika moja kabla hakijaenda kwenye baridi. Doa likitokea, fungua, pangusa, funga upya. Ukaguzi huu haugharimu kitu, nami sijui kwa nini haufanyiki kila mahali.

Siku ya pili, vichupa vikiwa −80 na kabla ya kuhamia kwenye tangi, pitia vifuniko kimoja kimoja juu ya barafu kavu. Plastiki ikipoa husinyaa na baadhi hulegea. Unavigusa tu, usivilazimishe.

Kisha zipo sababu za uvivu. Kifuniko cha mtengenezaji mmoja kimewekwa kwenye mwili wa mwingine kwa sababu "kinaingia". Kinaingia, ndiyo, lakini hatua ya hesi inatofautiana kwa unywele na mpira haukai sawa. Au kichupa kimeoshwa, kikapikwa kwenye otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke wa moto), kikatumika tena. Polipropilini inavumilia nyuzi 121, lakini kifuniko kilichokwisha kubanwa mara moja hakirudi umbo lake. Krayo ni za kutumika mara moja.

Ukishayapitia hayo na bado vinavuja, pima kundi zima. Chukua vichupa vitano vipya, vitie maji yenye rangi hadi alama, vifunge, vipime uzito kwenye mizani ya miligramu, vigandishe usiku kucha vikiwa vimepinduliwa, halafu viyeyuke vikiwa bado vimepinduliwa juu ya karatasi nyeupe. Kausha nje, pima tena. Kimoja kikipungua uzito, nalaumu mkono. Vikipungua vitatu, nalirudisha kasha lote.

Ukinunua upya, utaulizwa hesi iwe ya ndani au ya nje. Hesi ya nje inaiweka mistari mbali na sampuli, kwa hiyo kifuniko hakichovyi kwenye kimiminika na hatari ya kuchafua inapungua. Kifuniko chake ni kipana. Hesi ya ndani inakipa kichupa umbo jembamba, linaloingia kwenye boksi la matundu 100 badala ya 81, lakini sampuli ikijazwa kupita kiasi inapanda kwenye mistari. Kwa damu na vitu vya kuambukiza mimi huchukua ya nje bila kufikiri mara mbili. Kwa vinasaba, nafasi kwenye friza ndiyo inayoamua.

Sampuli za wagonjwa zikisafiri kwa ndege, kichupa au chombo kinachokizunguka lazima kihimili tofauti ya shinikizo la kilopaskali 95 bila kuvuja. Ukiwa huna uthibitisho wa mtengenezaji, usifungashe kwa kubahatisha. Mwachie aliyesomea usafirishaji wa vitu vya hatari.

Kimepasuka au kina ufa

Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Kichupa cha mililita 2 kilichojazwa hadi mdomoni hakina pa kuyaweka hayo. Kwa hiyo angalia kwanza kiwango: 1.8 ndiyo mwisho, na kama alama ya mtengenezaji iko chini ya hapo, ifuate.

Pili, kimegongwa. Polipropilini ni laini mkononi, lakini ikishuka chini ya sifuri inakuwa dhaifu kama ganda la yai. Kichupa kilichogandia kwenye tundu la boksi hakitolewi kwa kugonga boksi mezani, wala hakibanduliwi kwa koleo la fundi. Kukuta chini ya vichupa kuna miguu yenye meno inayokaa kwenye kishikilio ni raha, kwani unafungua kwa mkono mmoja bila kukibana.

Tatu, si krayo kabisa. Kile kichupa cha mililita 1.5 chenye kifuniko cha kubonyeza kinatufaa kwa kazi za kila siku, na kwenye −20 kwa muda mfupi hakina neno, lakini kifuniko chake hufyatuka kwenye baridi kali. Polistirini, ile plastiki inayong'aa kama kioo, hupasuka mapema zaidi. Mirija ya kioo iliyozibwa kwa moto na kuzamishwa kwenye naitrojeni ina sifa mbaya tangu zamani: tundu lisiloonekana kwa macho linatosha, na kikilipuka kinarusha vigae vya kioo.

La nadra, ambalo watu hawalifikirii, ni plastiki iliyochoka kabla ya kutumika. Vichupa vilivyotakaswa kwa mionzi ya gama huendelea kuzeeka kwenye kasha, na vile vilivyoachwa chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno ndani ya kabati usiku baada ya usiku huwa vikavu. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi. Kibonyeze kimoja kitupu: kikitoa mstari mweupe na mlio wa kukatika, tupa kasha.

Ufa ukiuona kabla ya kuyeyusha, usiyeyushe ndani ya kichupa hicho. Kitie kizima ndani ya mrija mkubwa uliotakaswa, kiyeyukie humo, na uandike kwenye kumbukumbu kwamba sampuli iligusa nje. Kama ni ya kuambukiza, funga boksi, rudisha kwenye baridi, na uite mhusika wa usalama kabla ya lolote.

Lebo imebanduka, wino umefutika

Hapa nina jeraha langu. Niliwahi kuvuta boksi la vichupa 81 na lebo zaidi ya 30 zikabaki chini ya boksi kama majani makavu. Zilikuwa lebo za karatasi za kawaida, zimeandikwa vizuri kweli kweli, mwandiko wa kupendeza. Kilichotuokoa ni ramani ya boksi: karatasi yenye safu A hadi I na namba 1 hadi 9, iliyojazwa na mtu aliyekuwa akichekwa kwa kuijaza. Bila ramani ile, plazma yote ingekwenda kuchomwa.

Chanzo kikuu ni kubandika lebo kwenye kichupa kilichokwisha poa. Ukungu usioonekana unakaa kati ya gundi na plastiki, lebo inashika kwa saa chache, kisha inajikunja. Bandika kichupa kikiwa kikavu na joto la chumba, kisugue kwa kidole kwa sekunde kadhaa, na kama una nafasi kiache hadi kesho yake kabla ya kugandisha. Chanzo kinachofuata ni aina ya lebo yenyewe. Kwenye kifurushi paandikwe kwamba inahimili −196, kama unahifadhi kwenye naitrojeni. Ile yenye mkia angavu unaozunguka na kujifunika yenyewe ndiyo imara, kwa maana gundi inashika gundi.

Wino una adui wake, nayo ni pombe. Kalamu tunazoziita za kudumu hufutika kwa ethanoli ya asilimia 70 tunayopangusia kila kitu, na hufutika pia kwenye kopo la isopropanoli (kopo lenye pombe, la kugandishia vichupa polepole) kama kimiminika kimepanda. Chapa kwa mashine inayoyeyushia wino kwenye lebo kwa joto, au tumia kalamu iliyothibitishwa dhidi ya pombe. Namba fupi iandike pia kwenye sehemu nyeupe ya kichupa chini ya lebo. Usiandike kwenye kifuniko peke yake. Vifuniko viwili vikifunguliwa pamoja hubadilishana wenyewe.

Msimbopau ukikataa kusomwa, mara tisa kati ya kumi ni ukungu tu. Pangusa kwa glavu kavu, soma, rudisha. Pombe isiguse hapo. Waliochoka kabisa na lebo hununua vichupa vyenye msimbo uliochorwa chini kwa leza, ambao haubanduki. Hata hivyo, msimbo huo hauna maana kama kompyuta yenye orodha haina nakala ya pili.

Kabla ya kununua lebo elfu, jaribu tatu: usiku −80, wiki kwenye mvuke, dakika mbili kwenye maji ya 37, pangusa kwa pombe. Iliyobaki ndiyo ya kununua.

Kichupa kisicho na jina hakikisiwi. Kama ni cha mgonjwa, kitenge na umwarifu msimamizi. Kama ni seli, utambulisho wake unapimwa kwa vinasaba kwenye maabara inayofanya kazi hiyo. Kukisia "hiki lazima ni cha Jumanne" ndiko kunakojaza majarida matokeo ya seli zisizo zenyewe.

Seli zimekufa baada ya kuyeyushwa

Usikimbilie kulaumu kichupa. Fanya kwanza ulinganisho huu: yeyusha ndugu yake wa kundi hilohilo kutoka sehemu nyingine ya tangi, na kichupa cha kundi jingine kutoka boksi hilohilo. Ndugu naye akifa na wa kundi jingine akapona, kosa ni la siku ya kugandisha. Wote wa boksi moja wakifa, boksi lilipata joto. Wote wakipona, kosa liko kwenye mikono yako ya leo.

Mikono ya leo kwa kawaida imechelewa. Kichupa kimebebwa kutoka tangi hadi mezani kikiwa kwenye kiganja, kimeyeyuka taratibu njiani, na kimekaa mezani wakati simu ikijibiwa. Kibebe kwenye barafu kavu au mvuke, kizungushe kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika moja au mbili hadi chembe ndogo ya barafu ibaki, kisha punguza nguvu ya DMSO (kemikali ya kulinda seli zisiharibiwe na barafu) tone kwa tone kwa midia (kimiminika cha kukuzia seli) yenye joto. DMSO ya asilimia 10 inazilinda seli kwenye baridi, lakini kwenye joto la chumba ni sumu kwake. Kifuniko kisizame kamwe kwenye maji yale. Beseni hilo lina uhai mwingi kuliko tunavyopenda kukiri, na mpira wa kichupa kilicho baridi huvuta maji ndani.

Boksi lililopata joto mara nyingi lilipata joto la mtu anayetafuta. Rafu nzima imetolewa, mtu anasoma lebo moja moja, na kila anapoirudisha vichupa vya kona vimepanda kupita −135. Hapo barafu inaanza kujipanga upya na kuchana seli. Ramani ya boksi inatibu hili pia.

Siku ya kugandisha, kasi inayofaa seli nyingi ni nyuzi 1 kwa dakika. Kopo la isopropanoli linaitoa kasi hiyo ndani ya friza ya −80, mradi lina ujazo ulioandikwa na pombe imebadilishwa baada ya matumizi matano. Zaidi ya hapo imeshanywa maji kutoka hewani na kasi inayumba. Vichupa vikae humo usiku mmoja, kisha vihamie kwenye naitrojeni. Seli zilizosahauliwa kwenye −80 kwa miezi hupungua uhai wiki hadi wiki. Na friza ya nyumbani inayojiyeyushia barafu haifai hata kwa siku moja, kwa kuwa hujipasha joto yenyewe kila baada ya saa kadhaa.

Makundi mengi ya maboksi tofauti yakifa kwa pamoja, tangi liliishiwa. Acha kuyeyusha, usimalize akiba kwa kutafuta aliyepona. Soma kumbukumbu za kina, mwite msimamizi wa tangi.

Sampuli imegeuka njano baada ya safari

Midia yenye fenoli nyekundu, kiashiria kinachobadilika rangi uasidi ukipanda, imeondoka na rangi ya waridi, imefika njano. Hewa ndani ya boksi la barafu kavu ni kabonidioksaidi tupu, na kifuniko kisichoziba vyema kinaiingiza. Ikiyeyuka ndani ya sampuli inashusha pH, na baadhi ya protini huharibika. Vipokee vichupa, vipeleke −80 kabla ya kuyeyusha, vikae hadi kesho yake gesi itoke. Safari ijayo vifungie ndani ya mfuko uliozibwa, na rudi kwenye ukaguzi wa kifuniko.

Ujazo umepungua, juu pamebaki unga mweupe

Barafu hupaa hata bila kuyeyuka, polepole, kupitia kifuniko kilicholegea. Mikrolita 50 ndani ya kichupa cha mililita 2 zina uwazi mkubwa juu yake, na maji huhamia kwenye kuta. Tumia kichupa cha mililita 0.5. Baada ya kuyeyusha, kizungushe kwa sekunde chache kwenye mashine ya kasi ndogo kabla ya kufungua. Kasi ndogo tu, maana krayo nyingi hazikuundwa kwa nguvu kubwa ya mzunguko.

Kifuniko hakifunguki

Barafu imeshika hesi. Kishike kwa glavu sekunde 10 hadi 20 sehemu ya kifuniko, jaribu tena. Koleo la chuma litavunja shingo. Kama kilitoka kwenye kimiminika, rudi kwenye dalili ya kwanza kabla ya kukipasha joto.

Tangi linatoa jasho nje

Hii si dalili ya kichupa, ila vichupa ndivyo vitakavyoilipa. Ukungu au barafu kwenye ukuta wa nje, mbali na shingo, unamaanisha ombwe kati ya kuta mbili limepotea na naitrojeni inaisha kwa kasi. Hamishia maboksi kwenye tangi jingine sasa hivi, fungua madirisha, usikaze kizibo cha tangi kwa kitambaa wala utepe kwa nia ya kuzuia baridi isitoke, kwa sababu gesi isiyo na pa kutokea hupasua tangi lenyewe. Hakuna cha kurekebisha hapo kwa mkono wako. Likishakuwa tupu, bandika karatasi ya "lisitumike" na umwite fundi wa matangi ya baridi kali.